Kulabu inateleza, gogo haligeuki: tafuta kosa hapa

Mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi hukaribia uzito wa tani moja. Kwa hiyo gogo la urefu wa mita 3 na unene wa sentimita 40 lina kilo kama 380, na hilo ni gogo la kawaida tu kwa mkata kuni. Kulingoja likauke ili liwe jepesi si njia, kwa sababu mkaratusi ukikauka nyuzi zake hushikana na shoka hudunda badala ya kupasua. Kuanzia Mufindi hadi Kericho, ambako viwanda vya chai huchoma magogo ya mkaratusi kukaushia majani, kazi ya kukata na kupasua hufanyika gogo likiwa bichi, yaani wakati ambapo ni zito kuliko litakavyokuwa siku ya kuingia motoni.

Vifaa tunavyozungumzia ni vya mkono. Mtaimbo, unaojulikana na kila mtu. Kulabu ya kugeuzia, yaani mpini mrefu wenye chuma kilichopinda kinachoning'inia kwenye bolti, kinachouma gogo ili mpini uligeuze. Kulabu yenye mguu, ambayo ni hiyohiyo ila imechomelewa kiguu cha kuliacha gogo likining'inia juu ya ardhi. Koleo la kubana (si lile la kuzolea mchanga), na ndoana ya kuvutia pingili, yaani vipande vya gogo lililokwisha kukatwa. Kulabu ina sura mbili. Moja ina kidole kifupi cha chuma mwishoni mwa mpini, nyingine ina mkuki. Ile ya mkuki ilitokana na Joseph Peavey, mhunzi wa Stillwater katika jimbo la Maine, Marekani, aliyeiunda miaka ya 1850 kwa ajili ya watu waliosukuma magogo mtoni, na huko bado inaitwa kwa jina lake. Mkuki ni mzuri kwa kuchokonoa rundo lililokwama. Kwa gogo moja lililolala chini, kidole kinashika vizuri zaidi.

Kifaa kikigoma, wengi hukimbilia kuurefusha mpini kwa bomba. Ngoja kwanza. Kosa karibu daima liko mahali chuma kinapogusa mti, au mahali mti unapogusa ardhi, na huko nguvu ya ziada haisaidii bali huvunja kitu.

Kulabu inateleza juu ya gogo

Itazame ncha mara tu baada ya kuteleza. Ukikuta utepe wa gome umening'inia hapo, ncha ni kali na mwenye kosa ni gome. Ukikuta ncha safi, na juu ya gogo pana mchubuko mwembamba unaong'aa, ncha ni butu. Uchunguzi huu ni wa nusu dakika na unakuepusha kunoa chuma kisichohitaji kunolewa.

Gome la mkaratusi mbichi halijashikamana sana na mti. Katikati yake pana utomvu unaoteleza kama sabuni, na kulabu ikiuma gome peke yake hulibandua na kuondoka nalo. Chukua panga au shoka, ondoa gome mahali penye ukubwa wa viganja viwili, pale ncha itakapoingia, na kiraka kingine pale kidole cha mpini kitakapokaa. Watu husahau hicho cha pili. Kulabu hubana kwa nukta mbili, na moja ikiteleza nyingine haina la kufanya.

Ncha butu inanolewa kwa tupa. Usiipe sura ya sindano. Sindano huingia kirahisi, kisha hupinda au hung'ang'ania kiasi kwamba kuitoa ni kazi ya pili. Ipe sura ya patasi ndogo, ukingo wa upana wa milimita 4 au 5. Ukitumia mashine ya kusaga, gusa na kuachia, na uwe na kopo la maji karibu. Ncha ikigeuka rangi ya buluu ujue imepoteza ugumu wake, na hata uinoe vipi itakuwa butu tena kabla ya saa sita mchana.

Ikiwa gome limeondolewa na ncha ni kali lakini bado inateleza, tazama ncha inaelekea wapi. Weka kulabu juu ya gogo na uvute taratibu mpaka iguse. Ncha inapaswa kuelekea ndani, upande wa moyo wa gogo. Ikielekea kandokando ya uso wa mti, itakwaruza tu. Hutokea hivyo gogo likiwa nene mno kwa kulabu hiyo. Gogo likiwa jembamba mno, ncha hupitiliza na kutokea chini, au huishia karibu na mpini bila kubana chochote. Kwa kuni za unene wa sentimita 15 hadi 45, kulabu yenye umbali wa kama sentimita 30 kutoka bolti hadi ncha, ukipima moja kwa moja bila kufuata mpindo, inatosha kazi nyingi. Ukiwa na magogo ya sentimita 60, tafuta kubwa zaidi. Kuikunjua ndogo ni kuiharibu kwa magogo yote.

Mwisho, bolti. Shika ncha uitikise kushoto na kulia. Ikicheza zaidi ya sentimita 2, tundu limepanuka au bolti imelika, na ncha itatua upande kila unapoitupa. Weka bolti mpya ya milimita 12 au zaidi, vipete bapa vya chuma (washa) pande zote mbili, na nati mbili zinazobanana ili isifunguke. Lakini usikaze mpaka kulabu isimame. Ulaze mpini usawa: kulabu inapaswa kuanguka yenyewe kwa uzito wake. Isipoanguka, kuna kutu au umekaza mno, na utakuwa unainama kuiweka kwa mkono kila mara.

Kulabu imeshika vizuri, gogo haliendi

Gogo la mviringo juu ya ardhi ngumu na tambarare huhitaji nguvu ndogo tu. Likigoma, kuna kitu kinalizuia, na kitu hicho kinaonekana ukipiga magoti.

Cha kwanza ni vishina vya matawi. Kishina cha urefu wa kidole tu kinatosha kuwa mguu wa kulisimamisha gogo. Vikate vyote sawa na uso wa mti kabla ya kuanza, hata vile vya upande wa juu, maana nusu mzunguko baadaye vitakuwa chini. Cha pili ni udongo. Gogo lililolala wiki moja wakati wa mvua limejichimbia kitanda, na matope yanalinyonya. Usipigane na matope kwa kulabu. Tumia mtaimbo kuinua ncha moja sentimita 10 hivi, ingiza mti mdogo wa unene wa sentimita 8 chini yake kwa kukingama, kisha fanya hivyo upande wa pili. Sasa gogo limelala juu ya reli mbili, na mtu mmoja analiviringisha. Reli hizo zina faida nyingine kubwa, nayo tutaifikia kwenye msumeno.

Cha tatu ni mahali ulipoweka kulabu. Kulabu ikiuma kwenye ncha moja ya gogo, gogo huzunguka kama mkono wa saa badala ya kuviringika. Hilo ni jema ukitaka kuligeuza mwelekeo, ni baya ukitaka lisogee mbele. Uma karibu na katikati ya uzito, ambayo si katikati ya urefu ikiwa upande wa shinani ni mnene zaidi.

Tazama pia mpini unaanzia wapi. Kwa kuviringisha gogo kwenda mbele yako, mpini uanze umelala karibu usawa, upande wako, nawe uuinue kwa nguvu ya miguu mpaka usimame wima na kupita kidogo. Ukiuma mpini ukiwa tayari wima, umeshapoteza sehemu kubwa ya mzunguko na utasukuma kwa mikono mitupu. Kila mng'ato hutoa kama robo ya mzunguko, si zaidi. Kwa gogo zito watu wawili wenye kulabu mbili hupokezana: mmoja anashikilia, mwingine anauma upya. Wakubaliane neno moja la kuanzia, na anayeachia aseme kabla ya kuachia.

Gogo linageuka kidogo kisha linarudi

Karibu kila mara ni gogo lililopinda. Tumbo la mpindo ndilo zito, na litataka kulala chini popote utakapoliacha. Hakuna kulabu itakayobadilisha hilo. Kinachohitajika ni kabari: kipande cha mti cha urefu wa kiganja, kimepasuliwa upande mmoja mwembamba, kinasukumwa chini ya gogo kwa mguu wa kiatu au kwa fimbo kabla ya kuiondoa kulabu. Andaa kabari nne tangu asubuhi. Jiwe la mviringo si kabari.

Hapa ndipo watu huumia, na tunaomba sehemu hii isomwe polepole. Gogo likirudi huku kulabu ikiwa imeuma, mpini unakuja nalo, na unakuja kwa nguvu ya gogo zima. Hupiga kidevu, mbavu au mapaja. Usiupitishe mpini katikati ya miguu. Usiinamishe kichwa juu yake. Usijifunge kamba ya kuushikilia kwenye kifundo cha mkono. Ukiona gogo linakushinda, achia mpini na uondoke kwa upande. Kwenye mteremko, mfanyakazi awe upande wa juu wa gogo muda wote, na upande wa chini pasiwe na mtu, mtoto wala mbuzi aliyefungwa. Ikiwa njia pekee ya kuligeuza gogo ni kusimama chini yake, basi gogo hilo likatwe palepale lilipo.

Mtaimbo unazama, au unatumia nguvu zote na gogo haliinuki

Sababu ni egemeo, yaani kipande kinachowekwa chini ya mtaimbo ili uuegemee, karibu bila ubaguzi. Tuchukue lile gogo la kilo 380. Ukiinua ncha moja tu, unabeba nusu, kilo 190. Mtaimbo wa sentimita 150 ukiwa na egemeo sentimita 15 kutoka ncha ya chuma, mkono wako uko sentimita 135 upande wa pili, yaani mara tisa. Utakandamiza kwa kilo kama 21. Ukiliweka egemeo sentimita 40 kutoka ncha, mkono umebakiwa na 110, na sasa unahitaji kilo karibu 70, ambao ni uzito wa mtu mzima akining'inia. Mtaimbo ni uleule na gogo ni lilelile.

Ubaya wa egemeo la karibu ni kwamba gogo hupanda kidogo. Mkono ukishuka sentimita 45, ncha hupanda 5. Basi inua hizo 5, msaidizi aingize kabari, teremsha mtaimbo, ongeza kipande kingine juu ya egemeo, inua tena. Ni polepole lakini hakuna anayeumia. Msaidizi asukume kabari kwa fimbo. Vidole visiingie chini ya gogo hata mara moja, hata kwa sekunde moja.

Egemeo likizama, liwekee kipande cha ubao chini yake cha upana wa sentimita 25 au 30. Egemeo lenyewe liwe mti wa upande uliobapa. Jiwe laini hutelezesha chuma, na mtaimbo ukichomoka chini ya mzigo unaruka kuelekea usoni.

Mpini umevunjika

Tazama umevunjikia wapi. Ukivunjika karibu na pete ya chuma, sababu ni tundu la bolti lililopita katikati ya mti, au bomba la kurefushia. Dawa ya tundu ni kubadilisha muundo: pete ichomelewe masikio mawili nje na bolti ipite kwenye masikio, mti ubaki mzima. Dawa ya bomba ni kuacha bomba. Mpini wa sentimita 120 hadi 150 umepimwa kwa nguvu ya mwili wa mtu. Ukiuongezea mita moja unaomba chuma na mti vibebe nguvu ya watu wawili.

Ukivunjika katikati kwa mshazari mrefu, nyuzi za mti hazikwenda sambamba na mpini. Mpini mzuri hupasuliwa kwa shoka, hauchongwi kutoka kwenye ubao uliopasuliwa kwa msumeno. Mkole unafaa sana kwa mipini, na mzeituni mwitu pia. Ukaushe kivulini, ukiwa mnene kuliko unavyohitaji, kisha uchonge: sentimita 6 kwenye pete, ukipungua hadi 4 mkononi. Usiupake rangi. Rangi huficha nyufa, na hutoa malengelenge. Mafuta ya mbegu za kitani au hata ya kupikia yanatosha.

Pete ikilegea, wengi huloweka kifaa usiku kucha ndani ya ndoo. Asubuhi inabana, mchana mti unakauka na pete inalegea kuliko jana, na kadiri siku zinavyopita mti unaoza ndani ya chuma. Igonge pete ipande kuelekea sehemu nene, kisha ifunge kwa skrubu moja fupi.

Mpini wa bomba la maji la inchi moja na nusu hauvunjiki, lakini hukunjika. Ukishakunjika usiunyooshe na kuendelea nao, kwa sababu utakunjikia palepale na safari hii bila onyo.

Kulabu yenyewe imenyooka, au imekatika

Haya ni magonjwa mawili yanayopingana. Kulabu iliyonyooka imetengenezwa kwa chuma laini, mara nyingi nondo ya milimita 12. Nondo ya 20 huhimili kuni za kawaida. Bora kuliko zote ni kipande cha springi ya gari kilichokunjwa kwa moto.

Kulabu iliyokatika bila kupinda kwanza ni ngumu mno. Fundi ameizamisha yote kwenye maji ikiwa nyekundu. Springi inatakiwa ikunjwe ikiwa nyekundu, kisha ifukiwe kwenye majivu makavu ipoe yenyewe. Kinachogumishwa ni ncha tu, sentimita 3 za mwisho.

Angalia uso wa mahali ilipokatika. Ukiwa wote unang'aa chembechembe za kijivu, imekatika leo hii. Ukiwa na sehemu yenye kutu na sehemu inayong'aa, ufa ulikuwepo siku nyingi, na mara nyingi ulianzia kwenye mchomeleo. Springi haipendi kuchomelewa ikiwa baridi. Fundi aipashe kwanza mpaka tone la maji likidondoka juu yake liruke na kutoweka, na akimaliza aifukie majivuni. Njia salama zaidi ni kutoichomelea kabisa, itobolewe na kufungwa kwa bolti.

Koleo linaachia, ndoana haiingii

Koleo la kubana hushika kwa sababu mzigo unalivuta. Uzito ukipungua ghafla, mfano mbebaji mmoja akipanda juu ya kisiki, meno yanafunguka. Wabebaji waende hatua sawa na wainue kwa pamoja. Ikiwa linaachia hata kwenye tambarare, linganisha meno: jino moja likiwa juu kuliko lingine, pingili inajipindua na kutoka. Meno yaume chini kidogo ya nusu ya unene. Kumbuka pingili ya mita moja yenye unene wa sentimita 30 ni kilo 70 ikiwa mbichi. Huo ni mzigo wa watu wawili.

Ndoana ya kuvutia pingili ikidunda, unaipiga ubavuni. Ipige kwenye uso uliokatwa, ambako nyuzi zinaachia chuma kipite. Ikinasa, sukuma mpini mbele na juu, usiutikise kando.

Msumeno unabanwa na mnyororo unakuwa butu upesi

Watu hunoa mnyororo mara tatu kwa siku na kulaumu mti, wakati kosa ni kwamba gogo halikuinuliwa. Mnyororo ukigusa udongo sekunde chache tu umeharibika. Gogo likiwa juu ya zile reli mbili, pana nafasi chini yake. Gogo lisipoinulika, kata pingili zote kwa kina cha robo tatu kutoka juu, moja baada ya nyingine, kisha ligeuze kwa kulabu nusu mzunguko na umalizie kila mkato. Hivyo gogo linageuzwa mara moja, wala msumeno hauoni ardhi.

Kubanwa kunategemea gogo limeegemea wapi. Likishikwa ncha mbili, katikati hulegea na mkato wa juu hujifunga: kata theluthi moja kutoka juu, malizia kutoka chini kwenda juu. Likishikwa upande mmoja na ncha ikaning'inia, mkato hujifungua, na pingili fupi ya sentimita 35 au 40 huanguka yenyewe.

Ndiyo maana kulabu yenye mguu iwekwe kwenye theluthi ya gogo, ncha ya karibu iwe hewani, ncha ya mbali ibaki ardhini. Ukiiweka katikati, gogo litapiga bembea. Kata kuanzia nje kuja ndani, na uache kukata mkato ukifika sentimita 30 kutoka kwenye chuma. Hapo shusha, sogeza, inua tena. Mguu ukizama, fundi auchomelee bamba la chini la sentimita 20 kwa 20. Na ikiwa kila ukiinua gogo linaviringika kurudi, tazama urefu wa mpini unapolala chini: unapaswa kugusa ardhi na kutulia, ndiyo breki yake. Ukibaki umening'inia hewani, mguu ni mrefu mno kwa unene wa gogo hilo. Ukate, au weka kipande cha mti chini ya mwisho wa mpini kabla ya kuwasha msumeno.